Makaratasi ya uhamiaji Marekani: ujaze mwenyewe, uende kwenye shirika, au umlipe wakili?

Dada mmoja aliniletea bahasha ya kaki yenye fomu ya kuomba uraia, ile N-400, akaimwaga mezani. "Kaka, hii nijaze mwenyewe au nitafute wakili?" Mimi kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, si mwanasheria, lakini swali hilo nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nina maswali yangu ya kurudisha. Umewahi kukamatwa na polisi, hata kama kesi ilifutwa? Hapana. Umewahi kukaa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita mfululizo? Hapana. Umewahi kujiandikisha kupiga kura? Hapo akasita. "Siku niliyokwenda kuchukua leseni ya udereva, kijana wa dirishani aliniuliza kitu kwa haraka, nikasema ndiyo, ndiyo."

Hiyo "ndiyo, ndiyo" ilimaliza ubishi. Asiye raia akijiandikisha kupiga kura, au akidai kuwa ni raia wa Marekani ili apate kitu, anaweza kunyimwa uraia na hata kufunguliwa kesi ya kuondolewa nchini. Fomu yake ilikuwa nyepesi. Kilichokuwa na utata ni dakika mbili za pale dirishani, miaka minne nyuma. Nikamwambia asitume kitu mpaka aonane na wakili.

Watu wengi huchagua msaidizi kwa kuhesabu kurasa: fomu ndefu, wakili, fomu fupi, najaza mwenyewe. Kipimo hicho kinadanganya. Angalia maisha yako kwanza, fomu baadaye.

Ukijaza mwenyewe

Hakuna sheria inayokulazimisha kuwa na wakili mbele ya Idara ya Uraia na Uhamiaji, USCIS. Fomu zote ni bure kwenye tovuti yake, na kila moja ina maelekezo yake. Ukiona mtu anakuuzia fomu, ondoka.

Baadhi ya fomu hujazwa mtandaoni: N-400 ya uraia, I-130 ya kumwombea ndugu wa karibu, I-90 ya kupata grini kadi mpya. Njia ya mtandaoni ni nafuu kwa dola 50. Kwa ada zilizoanza tarehe 1 Aprili 2024, N-400 ni dola 760 kwa karatasi na 710 mtandaoni, na I-130 ni 675 kwa 625. Faida nyingine ni kwamba mfumo hautakuruhusu kujaza toleo la zamani la fomu. Anayetuma karatasi ndiye hurudishiwa bahasha nzima kwa sababu alipakua fomu mwaka juzi akaiweka kabatini. Fomu ya grini kadi kwa aliye ndani ya nchi, I-485, kwa kawaida bado huenda kwa karatasi, na hapo ndipo anayejaza peke yake huteleza zaidi. Tangu tarehe 2 Desemba 2024, mwenye kutakiwa kuleta ripoti ya daktari, I-693, lazima aiweke kwenye bahasha hiyohiyo. Akisubiri kuileta siku ya usaili, fomu inaweza kukataliwa mlangoni. Na tangu tarehe 28 Oktoba 2025, kwa kawaida hundi za karatasi hazipokelewi tena. Unalipa kwa kadi, au unaruhusu fedha zikatwe kwenye akaunti ya benki ya Marekani. Rafiki aliyepata grini kadi miaka mitatu iliyopita hawezi kukwambia hayo, ingawa atakushauri kwa sauti ya uhakika kabisa.

Halafu kuna makosa yetu sisi, ambayo maelekezo ya fomu hayayataji kwa sababu aliyeyaandika hatujui.

La kwanza ni tarehe. Sisi tunaanza na siku, wao wanaanza na mwezi. Aliyezaliwa tarehe 7 Machi anaandika 07/03, na kwenye kompyuta ya ofisi amezaliwa Julai 3. Pasipoti inasema Machi, fomu inasema Julai, na sasa una tarehe mbili za kuzaliwa na kazi ya kueleza ipi ni ya kweli.

La pili ni kubwa zaidi, nalo ni lugha ya udugu. Kwetu mtoto wa marehemu dada yako ni mwanao. Mdogo wake baba ni baba. Ndugu anaweza kuwa wa tumbo moja, anaweza kuwa binamu, anaweza kuwa mtu mliyetoka naye kijiji kimoja. Fomu haiyajui haya. Inataka uliyemzaa, uliyemwasili kisheria, au mtoto wa mwenzi wako wa ndoa. Mama aliyehojiwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, akasema "wanangu sita", mkalimani akaandika sita. Miaka inapita, mama yuko Marekani, anajaza fomu na kuandika wanne, kwa sababu safari hii mtu alimweleza kuwa wawili wa marehemu dada yake hawahesabiki. Ofisa aliye na faili zote mbili haoni moyo wa mama. Anaona majibu mawili yasiyolingana, na moja lazima liwe la uongo.

Kinyume chake kipo pia: mtu anamwacha mtoto wa nje ya ndoa, au aliyebaki kwa bibi yake, kwa kuona kwamba hamwombei hivyo hahusiki. Fomu ikiuliza watoto, inauliza wote, wakubwa kwa wadogo, walipo popote. Usipomtaja leo, siku utakapotaka kumleta utaulizwa alitoka wapi.

Kwa hiyo kujaza mwenyewe kunamfaa mwenye majibu yanayofanana tangu siku ya kwanza: majina yaleyale, tarehe zilezile, familia ileile, hajakamatwa, aliingia kwa viza halali na hakupitisha muda. Huyo akilipa maelfu ya dola ili mtu amwandikie anwani yake, anatupa pesa.

Kuhusu tafsiri, kwa kuwa ndiyo meza yangu: kila hati isiyo ya Kiingereza lazima iambatane na tafsiri kamili, pamoja na tamko lililotiwa saini na mtafsiri kwamba tafsiri ni sahihi na kwamba anazimudu lugha hizo. Kamili maana yake hadi maandishi ya muhuri. Halazimiki kuwa mtafsiri wa serikali, na tafsiri haihitaji kugongwa muhuri wa kiapo. Wapo wanaotoza watu kwa muhuri usiohitajika.

Ukienda kwenye shirika

Njia hii wenzetu wengi hawaijui, na naona ndiyo inayowafaa watu wengi kuliko nyingine zote. Wizara ya Sheria ya Marekani ina utaratibu wa kuyatambua mashirika yasiyo ya faida yanayowahudumia watu wa kipato kidogo, na kuwaidhinisha wafanyakazi wake kuwawakilisha watu ingawa si mawakili. Matawi mengi ya Catholic Charities na ya International Rescue Committee yamo. Wizara inachapisha orodha kwenye tovuti yake, jimbo kwa jimbo, yenye majina ya mashirika na ya wawakilishi.

Idhini ni za aina mbili, na tofauti yake si ndogo. Mwenye idhini ya sehemu anakuwakilisha mbele ya USCIS tu: fomu, barua, usaili. Mwenye idhini kamili anaweza kusimama nawe hata mbele ya jaji wa uhamiaji. Uliza mapema, kwa sababu kesi ikihamia mahakamani yule wa kwanza hawezi kukufuata.

Bei yao ni ndogo, mara nyingine hakuna. Wanajua misamaha ya ada, jambo ambalo anayejaza peke yake hulikosa na wakili mwenye haraka hulisahau. Kwa mfano, mwenye kipato cha chini anaweza kuomba N-400 kwa dola 380 badala ya 760, na wengine husamehewa yote kwa fomu I-912. Mkimbizi halipi ada ya I-485, wakati mtu mzima mwingine analipa dola 1,440. Nimeona familia ya wakimbizi iliyochangishiwa kanisani ada isiyokuwepo, kwa sababu "mjuzi" mmoja aliwatajia hiyo 1,440.

Ubaya wao ni foleni. Unapiga simu Januari, unapewa miadi ya mwezi wa tatu. Wengi hawachukui kesi ngumu, na baadhi hawachukui kesi za ajira kabisa. Kama una tarehe ya mwisho inayokaribia, usiketi kwenye orodha yao ukisubiri.

Ukimlipa wakili

Sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu, hivyo wakili mwenye leseni ya Texas anaweza kumwakilisha mtu aliyeko Maine. Hulazimiki kumchukua wa mtaani kwako. Kinachotakiwa ni leseni hai ya jimbo lolote, na kila jimbo lina njia ya kuangalia leseni hiyo. Muulize jina kamili na jimbo, uangalie kabla ya kulipa. Wakili wa kweli hakasiriki akiulizwa.

Unachonunua kwa wakili ni uamuzi: afungue nini, asifungue nini, asubiri lini. Mfano mzuri ni ndoa. Mtu aliyepitisha muda wa viza zaidi ya mwaka anaoa raia wa Marekani, na anasikia kuwa anaweza kwenda kuchukua viza ubalozini nyumbani. Fomu ni rahisi kabisa. Lakini aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 akitoka mwenyewe, mlango unafungwa miaka 3. Aliyezidisha mwaka, miaka 10. Mtu huyohuyo, kama aliingia kwa viza na akabaki ndani, mara nyingi anaweza kumalizia mambo yake hapohapo bila kupanda ndege. Safari moja ya kwenda kuzika inaweza kugharimu miaka kumi, na hakuna ukurasa wa fomu utakaomshika mkono na kumwambia "subiri kwanza".

Mawakili wengi wa uhamiaji hutoza bei moja kwa kazi nzima. Taka mkataba wa maandishi, na uulize vitu vitatu: ada ya serikali imo au haimo? Ikija barua ya kuomba ushahidi zaidi, kuijibu ni pesa nyingine? Siku ya usaili anakuja yeye, au atatuma mtu? Barua ile ya ushahidi haicheleweshwi. Muda wa juu ni siku 84 pamoja na siku chache za posta, na taarifa ya kusudio la kukataa hukupa 30 tu.

Wakili naye si malaika. Wangu mimi, miaka hiyo, aliandika mwaka wa kuzaliwa wa mama yangu vibaya, ungemfanya mama anizae akiwa na miaka saba. Niliuona jioni kabla ya kutuma, kwa sababu nilisoma. Saini ni yako, na unaitia chini ya adhabu ya kusema uongo. Hata umlipe nani, soma kila mstari.

Na huyu wa nne, kishoka

Huyu simweki kwenye mizani, lakini lazima nimtaje kwa sababu ndiye wa karibu zaidi. Ana duka la kutuma pesa, anauza tiketi, anajaza kodi, na "makaratasi pia tunafanya". Anaongea Kiswahili chako, anakuita shemeji.

Mtego unaanzia kwenye bango. Kenya na Tanzania, anayethibitisha viapo na hati kwa kawaida ni wakili. Kongo, notari ni mtu wa sheria mwenye ofisi ya serikali. Kwa hiyo tukiona neno hilo dukani Marekani tunajua tumefika kwa msomi. Kumbe huku notari anaweza kuwa karani wa benki au muuza stempu. Kazi yake ni kuhakikisha kuwa wewe ndiwe unayetia saini, basi. Hana ruhusa ya kukushauri fomu ipi inakufaa.

Namna ya kumtambua ni rahisi. Fomu za USCIS zina sehemu ya mtu aliyekuandalia, pa kuandika jina lake, anwani yake na saini yake, awe amelipwa au hakulipwa. Mwambie ajaze. Kishoka atakwambia, "Hapo tuache wazi, wasione kama ulisaidiwa." Mwingine huweka barua pepe na anwani yake kwenye fomu yako, barua za ofisi zinakwenda kwake, na kila barua unainunua. Waliojaziwa bahati nasibu ya viza kwenye saiba wanakijua kisa hiki: jina limetoka, namba ya uthibitisho iko kwa mwenye kompyuta, na bei imepanda. Akisema "nina mtu wangu ndani", umeshamaliza kumsikiliza.

Kosa likitokea, nani anabeba?

Kwangu hapa ndipo tofauti ya kweli ilipo, kuliko kwenye bei. Ukikosea mwenyewe, kosa ni lako, ila unajua ulichoandika na unaweza kulieleza. Mwakilishi aliyeidhinishwa akivurunda, shirika lipo, na Wizara inaweza kumwondolea idhini. Wakili akivurunda, jimbo linaweza kumfungia leseni, na tena uamuzi wa mwaka 1988 uitwao Matter of Lozada unatoa njia ya kuomba kesi ifunguliwe upya kwa uzembe wa wakili, ukifuata masharti yake: kiapo chako, kumjulisha wakili huyo, na kumshtaki kwa chombo kinachosimamia mawakili au kueleza kwa nini hukumshtaki. Kishoka akivurunda, anabadilisha namba ya simu.

Wakili na mwakilishi aliyeidhinishwa wote huwasilisha fomu G-28, inayoiambia ofisi kuwa wanakuwakilisha, na nakala za barua zinawafikia. Ukihama nyumba posta ikapoteza barua, kuna mtu mwingine aliyeiona. Ukiwa peke yako, kumbuka kuwa asiye raia ana siku 10 za kutoa taarifa ya anwani mpya. Kubadilisha posta pekee hakutoshi.

Sasa, wewe uko wapi?

Grini kadi imeisha muda na huna kesi yoyote: jaza mwenyewe, mtandaoni. Uraia ukiwa na historia safi, vilevile. Isipokuwa mzee ambaye Kiingereza hakimwingii. Mwenye miaka 50 aliyekaa na grini kadi miaka 20, au mwenye 55 aliyekaa nayo 15, anaruhusiwa kufanya mtihani wa uraia kwa lugha yake, kwa mkalimani. Huyo mpeleke kwenye shirika, hasa kama ana ugonjwa unaomzuia kujifunza, kwa sababu fomu ya daktari ya kuomba msamaha wa mtihani kwa ajili ya ugonjwa, N-648, hukataliwa ikijazwa kijuujuu.

Mkimbizi anayeomba grini kadi baada ya mwaka mmoja, au anayetaka kumleta mke na watoto waliobaki: shirika. Faili la kambini ndilo linalotawala kesi hiyo, na wao wamezoea kulisoma. Unaweza kuomba nakala ya faili lako USCIS, kwa kawaida bila malipo, ukaona mwenyewe mkalimani aliandika nini. Hilo lifanyike kabla ya kujaza, si baada ya kukataliwa.

Ndoa na raia, uliingia kwa viza, hujawahi kuoa kwingine: jaza, kisha lipia mtu akukague. Kama kuna ndoa ya kimila ya zamani, talaka isiyo na cheti, au mke wa pili, nenda kwa wakili ukiwa bado hujaandika neno. Grini kadi ya miaka miwili ya ndoa, na ndoa imevunjika: wakili.

Unaomba hifadhi ya ukimbizi ukiwa tayari Marekani, ile wanayoiita asylum: wakili, au mwakilishi mwenye idhini kamili. Kwa kawaida una mwaka mmoja tangu kuingia nchini, na hadithi utakayoandika siku ya kwanza ndiyo utakayoulizwa miaka baadaye, neno kwa neno. Tangu Septemba 2023 ofisi hailazimiki kukupa mkalimani siku ya usaili. Unakuja na wako, na wakili wako hawezi kuwa ndiye mkalimani.

Na ukipokea barua ya kufika mbele ya jaji wa uhamiaji, usisome makala zaidi. Serikali haitakupa wakili wa bure kama kwenye kesi ya jinai, kwa hiyo siku hiyohiyo anza kupiga simu, kwa mawakili na kwa mashirika yenye idhini kamili, yeyote atakayepokea kwanza.

Kuna njia ya kati ambayo naipenda kuliko zote tatu: ujaze mwenyewe, upange bahasha nzima, kisha ulipie wakili saa moja aipitie na akuulize maswali usiyojua kujiuliza. Si kila wakili anakubali. Uliza wa pili, wa tatu.

Dada wa bahasha ya kaki alilipia saa hiyo moja. Wakili akamtuma kuomba kumbukumbu zake kwenye ofisi ya uchaguzi ya kaunti na kwenye ofisi ya leseni. Majibu yalichukua wiki tano: jina lake halikuwa limeandikishwa popote. Barua hizo mbili alizichanganua kwa simu, akaziambatisha, na N-400 akaijaza mwenyewe mtandaoni, mezani kwangu, kwa dola 710.